Kizunguzungu, Tiba na Tawakali

Kizunguzungu cha ghafla ni hali ya mtu kuhisi kwamba yeye mwenyewe, au chumba kizima alichomo, kinazunguka ilhali kila kitu kimetulia. Dari huenda mbio kama gurudumu la cherehani, ukuta humjia na kumkimbia, godoro huinamia upande mmoja kama ngalawa iliyopigwa na wimbi. Mtu hushikilia ukingo wa kitanda kwa mikono miwili na kufumba macho, na hata akiyafumba mzunguko hauachi. Kichefuchefu hufuata, kisha matapishi na jasho la baridi. Aliyeketi kando yake haoni lolote la ajabu: anamwona mtu aliyelala, amekamatia godoro lisilokwenda popote. Kati ya wawili hao, mmoja ana uhakika wa jambo lisilokuwepo, na uhakika huo haumtoki kwa kuambiwa. Hapo ndipo maradhi haya ya mwili yanapogusa maswali mawili ya zamani: mtu ataijuaje kweli pale hisi zake zenyewe zinapomsaliti, na anayemtegemea Mungu ana wajibu gani wa kumwendea tabibu.

Kiswahili kina majina kadhaa ya hali hii, kizunguzungu, kisunzi, gumbizi, na katika mazungumzo ya kila siku majina hayo hubebeshwa mambo yasiyofanana. Aliyeinuka haraka akaona giza machoni husema ana kizunguzungu. Mwenye njaa husema vivyo hivyo, na mzee anayepepesuka akitembea, ingawa kichwa chake kimetulia, naye husema hivyo. Mitaani jibu huwa tayari kabla ya swali kumalizika: ni presha, ni damu imepungua, ni malaria. Mara nyingine jibu hilo huwa sahihi. Lakini kizunguzungu chenyewe, kile cha dunia kugeuka, mara nyingi chanzo chake hakimo katika damu wala tumboni. Kimo sikioni.

Jambo hilo lilichelewa mno kujulikana, na kuchelewa kwake kuna sababu. Aristotle alihesabu hisi tano, na hesabu hiyo ndiyo inayofundishwa hadi leo katika shule za msingi kwa jina la milango mitano ya fahamu: jicho, sikio, pua, ulimi, ngozi. Hisi ya mizani ya mwili haikupewa mlango. Haina harufu, rangi wala sauti. Inapofanya kazi vizuri mtu hajui kwamba anayo, na siku ya kwanza anayoitambua ndiyo siku inayoharibika. Katika mfupa ulio nyuma ya ngoma ya kila sikio kuna mifereji mitatu midogo ya nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake, na ndani yake mna majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo kukifuata, na kuchelewa huko hukunja vinyweleo vinavyopeleka habari kwenye ubongo. Kando ya mifereji kuna vifuko viwili vyenye chembechembe za chokaa, ndivyo vinavyopima mwinamo wa kichwa na mvuto wa ardhi. Masikio mawili hupeleka taarifa mbili, na ubongo huzilinganisha. Sikio moja likinyamaza ghafla, au likipiga kelele kupita mwenzake, ubongo hupokea taarifa zilezile ambazo ungezipokea kama kichwa kingekuwa kinazunguka kweli, nao huziamini. Kwa hiyo mwenye kizunguzungu hajarukwa na akili. Akili yake inafikia hitimisho sahihi kutokana na habari ya uongo.

Katika miaka ya 1820, Pierre Flourens wa Ufaransa alikata mifereji hiyo kwenye masikio ya njiwa, akaona ndege wakizungukazunguka bila kuweza kujizuia, kila mmoja kwa upande wa mfereji uliokatwa. Hata baada ya hapo madaktari wa Ulaya waliendelea kumtibu mwenye kizunguzungu kama mtu aliyejaa damu ubongoni: walimtoa damu, wakambandika ruba, wakampa dawa za kuharisha. Mwaka 1861 Prosper Ménière, daktari wa shule ya viziwi mjini Paris, alisimama mbele ya wenzake na kueleza kwamba wagonjwa wenye kizunguzungu, mvumo masikioni na usikivu unaopotea kidogo kidogo wanaumwa sikio la ndani, na kwamba kuwatoa damu ni kuwadhoofisha bure. Alifariki mwaka uliofuata. Kwa mgonjwa, maana ya kauli ile ilikuwa kubwa kuliko jina la ugonjwa ambalo hatimaye liliitwa kwa jina lake: dawa iliyokuwa ikimuumiza iliondolewa.

Kabla ya sikio kujulikana, kizunguzungu kilikuwa mali ya wanafalsafa. Katika mazungumzo ya Plato yanayoitwa Theaetetus, kijana aliyebanwa na mafumbo ya maarifa anakiri kwamba akiyatazama kichwa humzunguka, na Socrates anampongeza kwa sababu hapo ndipo falsafa inapoanzia. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa, alitoa mfano ambao wengi baada yake waliurudia, mwanazuoni al-Ghazali akiwa mmojawao: mtu hutembea bila shida juu ya ubao uliolazwa chini, lakini ubao uleule ukiwekwa juu ya shimo refu hutambaa kwa hofu na huenda akaanguka, kwa kuwa sura ya kuanguka imeshika nafsi yake na mwili umeitii. Ubao haukubadilika upana. Mjini Berlin mwaka 1786, Marcus Herz, tabibu Myahudi aliyekuwa mwanafunzi wa Immanuel Kant, alitoa kitabu kizima juu ya kizunguzungu. Alidai kwamba kila nafsi ina mwendo wake wa asili wa kupokea mawazo na picha, na picha zikipita kwa kasi kuliko mwendo huo, nafsi huvurugika na dunia huanza kuzunguka. Herz alikosea mahali, maana alitafuta nafsini kilichokuwamo sikioni, ila aliona jambo ambalo wapimaji wa baadaye walilithibitisha kwa njia nyingine: kizunguzungu ni ugomvi wa taarifa zisizopatana. Søren Kierkegaard naye, mwaka 1844, aliifananisha hofu ya mwanadamu mbele ya uhuru wake na kizunguzungu cha anayechungulia shimo. Ni mfano mzuri kwa aliyeketi kwenye kiti kilichotulia. Anayetapika kwenye ndoo saa tisa usiku hana nafasi ya kuonja uhuru huo.

Al-Ghazali anastahili kuzungumziwa zaidi, kwa sababu aliyagusa maswali yote mawili ya mwanzo, la kweli na la tiba. Katika kitabu chake cha kueleza safari yake ya kiroho, al-Munqidh, anasimulia namna alivyoanza kuzitilia shaka hisi. Jicho huona kivuli kimesimama, kumbe kinasogea. Huona nyota ndogo mithili ya dinari, ilhali hoja za hisabati zinaonyesha kuwa ni kubwa kuliko dunia. Hisi zinashtakiwa, na akili ndiyo hakimu. Mfano wa nyota, hata hivyo, una wepesi wake: akili ikishahukumu, hakuna kinachodhurika jicho likiendelea kuona udogo. Kwenye kizunguzungu hakimu hutoa hukumu na hakuna anayeitekeleza. Mgonjwa anaweza kujua kabisa kwamba dari halizunguki, akatamka hivyo kwa ulimi wake, na bado miguu isimtii, na bado atapike. Kujua hakumnyanyui. Hili ni jambo ambalo falsafa ya shaka haikulitilia maanani vya kutosha: kuna makosa ya hisi ambayo mtu hawezi kujisahihisha peke yake hata akiwa na akili timamu, naye hulazimika kutafuta shahidi wa nje.

Shahidi huyo alipatikana machoni. Robert Bárány, daktari wa masikio wa Vienna, alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa kwa maji, na baadhi yao walilalamika kwamba wanashikwa na kizunguzungu. Aliona kwamba maji ya baridi huyafanya macho ya mgonjwa kucheza kuelekea upande mmoja, na maji ya moto huyapeleka upande wa pili. Majimaji ya mfereji hupanda yakipata joto na hushuka yakipoa, kama yanavyofanya maji ya sufuria, na macho hufuata. Tangu hapo tabibu aliweza kulihoji sikio moja moja bila kutegemea maneno ya mgonjwa. Habari ya kutunukiwa tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 ilimfikia akiwa mateka wa vita mikononi mwa Warusi, na mwaka 1916 aliachiliwa baada ya Mwanamfalme Carl wa Sweden kumwombea. Leo, katika chumba cha dharura, daktari anayejua kazi hii hutazama macho ya mgonjwa kwanza: yanacheza upande gani, yanabadilisha upande yakielekezwa kwingine, yanabaki kwenye shabaha kichwa kikigeuzwa kwa ghafla, na jicho moja limekaa juu ya mwenzake au la. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kwa mgonjwa ambaye kizunguzungu chake hakikomi, uchunguzi huo wa dakika chache mikononi mwa mtaalamu unaweza kugundua kiharusi ambacho kipimo cha MRI cha siku ya kwanza hakijakiona.

Maneno ya mgonjwa hayakupoteza thamani, ila thamani yake ilihama. Zamani swali kuu lilikuwa: unahisi nini hasa, kuzunguka, kuelea au kuona giza? Wagonjwa wengi hujibu hivi asubuhi na hivi jioni. Maswali yanayosaidia zaidi ni ya wakati na kichocheo: kilianza lini, kinadumu muda gani, kinakuja ukifanya nini. Mwenye kizunguzungu ni shahidi dhaifu wa kinachotokea na shahidi mzuri wa saa.

Swali la dini linaanzia hapo, katika haja ya shahidi wa nje, ingawa kwa kawaida huanzishwa kwingine. Kwa kawaida huulizwa hivi: je, kutafuta tiba ni upungufu wa tawakali? Katika Uislamu mapokeo ya pande zote mbili yapo. Yapo mapokeo yanayowaamuru waja wajitibu kwa kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa bila dawa yake. Yapo pia mapokeo, katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke mweusi aliyekuwa akishikwa na kifafa akianguka na kufunukwa nguo, akamwomba Mtume amwombee. Alipewa hiari baina ya kusubiri na kupata Pepo, au kuombewa apone. Alichagua kusubiri, akaomba tu asifunuke anapoanguka. Wanazuoni wanaosema kwamba tiba si wajibu humtaja mama huyu. Wanaosema kwamba sababu za dunia ni sehemu ya kadari humtaja Khalifa Umar, aliyefika Sargh akielekea Sham, akasikia kuna tauni, akageuza msafara. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari moja kuingia katika nyingine. Waswahili wana methali iliyo karibu na hapo, ingawa inaegemea upande wa pili: jitihada haiondoi kudura. Methali hiyo haikatazi jitihada. Inaikumbusha mipaka yake.

Al-Ghazali, katika sehemu ya tawakali ndani ya kitabu chake kikubwa, Ihya, alilipanga jambo hili kwa namna ambayo bado haijapitwa. Sababu zinazoondoa madhara, alisema, ni za daraja tatu. Kuna za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Kuziacha wakati wa hatari si tawakali, ni haramu. Kuna za kudhaniwa, ambazo ndizo tiba nyingi za matabibu wa zama zake. Kuzitumia hakuvunji tawakali, na kuziacha si haramu. Na kuna za kuwaza tu, kama kuchomwa chuma cha moto na maneno ya kuzingulia. Aliyezama katika tawakali huziacha. Uzuri wa mpango huu ni kwamba hukumu haikufungwa kwenye jina la dawa bali kwenye kiwango cha ujuzi. Dawa inaweza kupanda daraja au kushuka. Al-Ghazali aliweka kutoa damu katika daraja la kati, na kwa zama zake hakukosea. Baada ya Ménière, kwa ugonjwa wa sikio, kutoa damu kulishuka. Kurudisha chembe za chokaa zilizobanduka sikioni mahali pake kwa kugeuza kichwa, jambo lililoelezwa na John Epley wa Marekani na ambalo kwa miaka wenzake walilitilia shaka hadi lilipochapishwa mwaka 1992, kumepanda hadi karibu na daraja la maji kwa mwenye kiu.

Wakristo nao wamebishana kwa mifano yao. Kitabu cha Nyakati kinamlaumu Mfalme Asa kwa kuwatafuta matabibu pasipo kumtafuta Bwana, na wanaokataa hospitali hukishika kisa hicho. Nchini Kenya kundi la Kavonokya linajulikana kwa kukataa tiba kabisa. Lakini lawama ya kisa kile imo katika kumwacha Bwana, na kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho Wakatoliki wanakisoma kama Maandiko, kinaagiza tabibu aheshimiwe na kinamhesabu pamoja na dawa zake kuwa kazi ya Mungu. Luka mwenyewe anaitwa tabibu katika waraka kwa Wakolosai. Mwaka 2011, maelfu walipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, baadhi wakitoka moja kwa moja wodini, lililokosekana katika zile foleni ndefu halikuwa imani. Kilichokosekana ni mpango kama ule wa Ihya, wa kuuliza kikombe kile kilikuwa daraja gani, na kwa ugonjwa upi.

Kizunguzungu cha ghafla kinauweka mpango huo katika mtihani mgumu, kwa sababu anayeugua hajui yuko daraja gani. Dalili ni moja, vyanzo ni vingi, na umbali baina ya chanzo chepesi na kizito ni umbali baina ya usumbufu na kifo. Chepesi zaidi, na ndicho kinachoongoza, ni chembe za chokaa zilizobanduka zikaingia mferejini: mtu akijigeuza kitandani au akiinamia ndoo ya maji, chumba huzunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha hutulia hadi atakapogeuka tena. Kuna uvimbe wa mshipa wa fahamu wa sikio, unaomlaza mtu siku kadhaa mfululizo. Kuna ugonjwa wa Ménière, wa saa chache kwa kila shambulio, pamoja na mvumo na sikio kujaa. Kuna dawa zenyewe: kwinini huleta mvumo na kizunguzungu, na sindano za streptomaisini na jentamaisini zinaweza kuua hisi ya mizani moja kwa moja, hata mtu akabaki akitembea kama yuko juu ya magodoro. Na kuna kiharusi cha sehemu ya nyuma ya ubongo, ambacho mwanzoni huweza kufanana na ugonjwa wa sikio kwa kila kitu. Mtu akishindwa kusimama hata kwa kushikwa, akiona viwili viwili, ulimi ukiwa mzito, uso au mkono ukilegea, sikio likiziba ghafla, au maumivu makali ya kichwa au shingo yakiandamana na mzunguko, muda unahesabiwa kwa saa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana na inapofaa, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza.

Kutokana na hayo, mjadala wa zamani unapungukiwa na swali moja. Wanazuoni waliuliza kama kujitibu ni wajibu. Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao cha Jeddah mwaka 1992, liliamua kwamba hukumu inatofautiana kwa hali: tiba ni wajibu pale kuiacha kunapoleta kifo, kupotea kwa kiungo au ulemavu, au ugonjwa ukiwa wa kuambukiza, ni jambo la kupendekezwa pale kuiacha kunapodhoofisha mwili, na ni halali tu pasipo hayo mawili. Uamuzi huo ni wa busara, lakini unamtaka mgonjwa ajue kwanza kuiacha tiba kutamleta wapi. Aliyeshikwa na kizunguzungu usiku wa manane hawezi kulijua hilo kwa kutafakari, wala kwa kujisikiliza, maana chombo chake cha kujisikiliza ndicho kilichoharibika. Kwa hiyo linalotangulia tiba ni kuchunguzwa. Anaweza kuwa na hiari ya kuacha dawa ya chembe za chokaa na kungoja zipungue zenyewe, kama zinavyofanya mara nyingi baada ya wiki kadhaa. Hiari hiyo hana kabla hajajua kwamba ni chembe za chokaa. Mama wa mapokeo ya kifafa aliujua ugonjwa wake. Alikuwa ameishi nao, ameuzoea, na alichagua macho yakiwa wazi. Kumtaja yeye ili kumzuia nyumbani mtu aliyeanguka leo asubuhi kwa mara ya kwanza ni kuchukua subira yake na kuacha ujuzi wake.

Maelezo ya pepo yana nafasi yake katika mlolongo huu, na hayafai kupitwa kwa dharau. Katika nyumba nyingi za pwani, mtu aliyeanguka ghafla akidai dunia inazunguka, akatapika bila homa, akapona, kisha akashikwa tena kesho yake akijilaza, ana kila dalili ya aliyepandwa na pepo. Sikio halivimbi, halitoi usaha, halimuumi; nani atalidhania? Mwalimu huitwa, aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, huoshwa, mgonjwa hunyweshwa kombe. Ikiwa tatizo ni chembe za chokaa, atapona baada ya siku au wiki kadhaa, na kombe litapata sifa. Hakuna aliyedanganya hapo, kwani ugonjwa una desturi ya kwenda zake. Wala kombe halimzuii mtu kwenda zahanati, na waalimu wengi wenye hekima huwaambia wagonjwa wafanye yote mawili. Madhara yako kwenye mpangilio: siku tatu za kombe kabla ya kipimo cha kwanza ni bure kwa mwenye chembe za chokaa, na ni ghali mno kwa mwenye kiharusi. Kosa hilohilo hutendeka pia chini ya paa la hospitali, mgonjwa anapopimwa presha peke yake, akapewa vidonge vya kutuliza kichefuchefu na kurudishwa nyumbani bila mtu kumtazama macho wala kumwambia atembee hatua tano.

Vidonge hivyo navyo vina mtego. Vinasaidia siku mbili tatu za mwanzo, mtu anapotapika asiweze kunywa hata maji. Vikiendelea kwa majuma huchelewesha kupona, kwa sababu ubongo hujifunza upya mizani kwa kukosea na kujisahihisha, na dawa inayonyamazisha kosa hunyamazisha na somo. Sikio moja likiisha kufa, mgonjwa hushauriwa ainuke, atembee, ageuze kichwa akiwa amekazia macho kitu kimoja, ayafanye yaleyale yanayomchukiza. Mwenye chembe za chokaa hupata tiba isiyo na dawa kabisa: daktari humketisha, humlaza haraka kichwa kikiwa kimegeukia upande wa sikio bovu na kuning'inia kidogo, hungoja, hukigeuza upande wa pili, humviringisha ubavu, kisha humketisha tena. Ni dakika chache. Wengi hupona kwa mara moja au mbili, na huondoka wakiwa na mashaka kwamba walifanyiwa kitu.

Sala ndipo mambo haya yote yanapokutana kwa mwenye dini, kwa kuwa sala ya Mwislamu ni ya mwili, na kurukuu na kusujudu ni miinamo ileile inayozisogeza chembe mferejini. Wapo wanaogundua ugonjwa wao kwenye mkeka, paji la uso likiwa chini. Fikihi ililijua hilo kabla ya sikio la ndani kujulikana. Vitabu vya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waswahili wengi, vinapohesabu nyudhuru za kuswali kwa kukaa humtaja abiria wa chombo cha baharini anayezungukwa na kichwa, pamoja na anayehofia kuzama. Vitabu hivyohivyo vinajadili mwenye maradhi ya macho anayeweza kusimama bila taabu, lakini tabibu mwaminifu akamwambia kwamba akiswali kwa kulala chali atatibika. An-Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu hayo, anamruhusu alale. Neno la tabibu limeingia ndani ya ibada, likageuza nguzo ya kusimama. Wanazuoni walioandika hayo hawakuona kwamba tawakali imevunjika.

Ruhusa hiyo ina mwisho wake, nao umewekwa wazi. Anayeswali kwa kukaa kwa sababu ya udhuru, na udhuru ukamwondoka katikati ya sala, haruhusiwi kuimaliza akiwa ameketi. Chombo kikiingia bandarini na bahari ikatulia, au chembe zikirudi mahali pake na dari likasimama, husimama alipo na kuendelea na rakaa iliyobaki.